Fulifremu au kropu? Hesabu ya mwanga, lenzi na pesa za chama

Alikuja saa kumi alasiri, simu mkononi, nami ndiyo kwanza nimeamka. Usiku wake nilikuwa nikipiga picha kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi harusi, hadi saa nane, na vifundo vya miguu vilikuwa bado vinalalamika. Ni binti wa jirani, hapa hapa Kibokoni, na mwaka mzima amekuwa akinibebea stendi na begi la lenzi. Pesa za chama cha kuchangiana zimemwangukia mwezi huu, anataka kamera yake mwenyewe.

"Anti, nichukue ipi?"

Akanionyesha matangazo mawili. La kwanza ni fulifremu iliyokwisha tumika, yaani kamera yenye kipokea-mwanga kikubwa ndani, pamoja na lenzi yake ya zumu ya kuanzia, ile ambayo ukiivuta mbele tundu lake la kupitisha mwanga linajibana hadi f/5.6. La pili ni kropu mpya, yenye kipokea-mwanga kidogo zaidi, na pesa zinabaki za kununua lenzi ya 35mm (milimita zikizidi, lenzi huvuta vya mbali zaidi) yenye tundu pana la f/1.8. Muuzaji wa ile ya kwanza alikuwa ameshamweleza kwamba mpiga picha wa kweli hashiki kropu.

Maneno hayo nimeyasikia Mombasa hii miaka na miaka, na aghalabu anayeyasema huwa ana fulifremu ya kuuza. Nikamwambia aketi, nikatia chai, tukaanza kuchambua jambo lenyewe.

Kipimo kilitoka wapi

Ndani ya kamera ya dijitali kuna kibamba cha silikoni kinachopokea mwanga. Wengi hukiita sensa. Mimi sensa naijua ni ile ya kuhesabu watu, kwa hiyo nitasema kihisi. Kihisi cha fulifremu kina upana wa 36mm na kimo cha 24mm. Cha kropu, kwa Nikon, Sony na Fujifilm, ni kama 23.5mm kwa 15.6mm, Canon wao hukifanya kidogo zaidi, 22.3mm kwa 14.9mm. Ukizidisha, fulifremu inapata milimita mraba 864, kropu ya Sony kama 367, ya Canon kama 332. Fulifremu moja inameza kropu mbili na kipande. Kihisi cha simu nyingi, tukiwa hapo hapo, hakifiki hata robo ya kropu, na bado watu wanatoa nazo picha za kuning'iniza ukutani.

Vipimo hivyo vya 36 kwa 24 vilianza kwa Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Ujerumani. Alichukua filamu ya sinema, ambayo fremu yake ilikuwa 18mm kwa 24mm, akaziunganisha fremu mbili zikawa moja. Kamera yake, Leica, ikaingia sokoni 1925, na kipimo chake kikaenea dunia nzima. Dijitali ilipokuja, silikoni ya ukubwa huo ilikuwa haishikiki kwa bei. Nikon D1 ya 1999 ikatoka na kihisi kidogo, kinachokaribia kipimo kimoja cha filamu ya APS iliyozinduliwa 1996, na ndiyo maana hadi leo kropu huitwa APS-C kwenye makasha. Mwaka 2003 Canon walitoa 300D, kropu, kwa bei ya chini ya dola 1,000 huko Marekani. Miaka miwili baadaye wakatoa 5D, fulifremu, kwa dola 3,299.

Pengo hilo la bei nilimweleza binti kwa unga wa mahamri. Umesukuma unga, kumbe umeingia chembe tatu za mchanga. Ukikata mahamri madogo thelathini, unatupa matatu. Ukikata makubwa manne, huenda ukabaki na moja la kula. Silikoni nayo hukatwa kutoka sahani ya duara, chembe zake za kasoro haziepukiki, na vipande vikiwa vikubwa hata kingo za duara hupotea zaidi. Kropu ilizaliwa kwa hesabu hiyo ya jikoni.

Na jina fulifremu lisikutishe. Maana yake ni "kamili kama filamu ya Barnack", basi. Viko vihisi vikubwa kuliko hicho: kamera za GFX za Fujifilm zina cha 43.8mm kwa 32.9mm. Fujifilm hao hao hawatengenezi fulifremu hata moja. Wana kropu, kisha wanaruka moja kwa moja hadi GFX, na mwenye GFX akitaka kukukera anaweza kuiita fulifremu yako kropu.

Dirisha lililofungwa nusu

Lenzi huchora duara la picha nyuma yake, na haina habari ni kihisi gani kimewekwa pale kupokea. Fulifremu inachukua sehemu kubwa ya duara hilo, kropu inachukua kipande cha katikati tu. Ni kama kuitazama Ndia Kuu kutoka ghorofani na mbao za dirisha zimefungwa nusu. Mtaa haujasogea, nawe hujasogea. Unaona kipande kidogo zaidi, basi.

Kwa hiyo lenzi ya 50mm ukiifunga kwenye kropu ya Sony au Nikon inaonyesha eneo ambalo fulifremu ingelionyesha kwa lenzi ya 75mm. Kwa Canon, 80mm. Ndiyo hiyo "zidisha kwa 1.5" au "kwa 1.6" mnayoisikia. Lenzi yenyewe inabaki kuwa ya 50mm, haikuongezwa nguvu na mtu.

Katika vichochoro vya Mji wa Kale jambo hili linaonekana upesi. Unataka mlango wa nakshi mzima, na kizingiti, na bwana harusi amesimama mbele yake na joho, na nyuma yako ukuta uko hatua tatu. Mwenye fulifremu hufunga 24mm akamaliza. Mwenye kropu atahitaji 16mm apate upana ule ule. Lenzi hizo zipo na si adimu, ila anayehama kutoka fulifremu na lenzi zake za zamani hushangaa mbona mlango umekatika.

Upande wa pili, kropu humfurahisha anayewinda vya mbali. Ndege wa Mida Creek, au palahala wa Shimba Hills, hawakusubiri ufike karibu. Lenzi ya 300mm kwenye kropu inabana eneo kama la 450mm, na lenzi ya kweli ya urefu huo kwa fulifremu ni mzigo wa punda. Wapo wanaosema, "Si nitapiga kwa fulifremu kisha nikate katikati?" Unaweza, lakini hesabu pikseli, vile vinukta vinavyounda picha. Fulifremu ya megapikseli 24, yaani pikseli milioni 24, ukiikata ifanane na kropu inakuachia kama 10 au 11. Ya megapikseli 45 inakuachia kama 20, hiyo inafaa, ila bei yake nayo unaijua.

Kuna uvumi mwingine wa kuumaliza hapa: eti kropu inaharibu sura za watu. Pua ya bibi harusi hurefushwa na ukaribu wako. Simama umbali ule ule, piga kwa 50mm kwenye fulifremu na kwa 35mm kwenye kropu, uso utakuwa uso ule ule. Ukimsogelea hadi unasikia anavyopumua, hakuna kamera itakayomsitiri.

Paa na mvua

Sasa tufike kwenye kiini, maana hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa hadi kugombana.

Chukua nyumba mbili jirani zinazovuna mvua kutoka kwenye paa hadi kwenye birika. Moja ina paa kubwa mara mbili na kipande kuliko ya pili. Mvua ni moja, inanyesha kwa nguvu ile ile na kwa muda ule ule. Ukisimama uani kwa huyu au kwa yule utalowa sawasawa. Lakini asubuhi ukichungulia mabirika, moja lina maji zaidi ya mara mbili ya jenziwe.

Tundu la lenzi ni nguvu ya mvua. Shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kufunga, ni muda wa mvua kunyesha. Kihisi ni paa. Ndiyo maana f/2.8 kwa shata ya 1/100 na ISO 1600 (ISO ni kiasi ambacho kamera inaiongezea picha mwangaza) huleta mwangaza ule ule kwenye kamera zote mbili, na anayekuambia kwamba kropu "inaigeuza f/2.8 kuwa f/4" kwenye mwangaza amekosea. Picha zote mbili zitang'aa sawa. Tofauti iko kwenye jumla ya mwanga uliokusanywa, na jumla hiyo ndiyo inayoamua chenga.

Chenga ni zile punje za rangi zinazorukaruka kwenye kivuli, kama televisheni ya zamani iliyokosa antena. Wengi hudhani ni ugonjwa wa kamera. Sehemu kubwa ya chenga imo kwenye mwanga wenyewe. Mwanga hufika kwa chembe chembe, fotoni, na fotoni haziji kwa mpangilio. Tazama rasharasha inavyoanza kwenye sakafu kavu ya ua: matone yanaangukia huku na kule, hapa pamelowa pale pakavu, sakafu imejaa madoa. Mvua ikiendelea madoa yanaungana na sakafu inakuwa ya rangi moja. Picha yenye mwanga haba ni sakafu ya dakika ya kwanza.

Kihesabu, mahali palipopokea wastani wa fotoni 100 patayumba kwa kiasi cha 10, yaani asilimia 10. Palipopokea 400 patayumba kwa 20, asilimia 5 tu. Mwanga mara nne, chenga nusu. Fulifremu, kwa tundu na shata ile ile, hukusanya kama mara 2.4 ya kropu ya Sony na mara 2.6 ya Canon, kwa hiyo picha hizo ukizitazama kwa ukubwa mmoja, ya fulifremu ina usafi wa kama mara moja na nusu hivi. Wapiga picha huita tofauti hiyo ya mwanga stopu moja na robo, stopu moja ikiwa ni mwanga mara mbili. Yaani kropu yako kwenye ISO 1600 inafanana na fulifremu inayokaribia ISO 4000, kama vihisi vyote viwili ni vya kizazi kimoja.

Sharti hilo la kizazi ndilo wauzaji wa kamera zilizotumika hulimeza. Ile 5D ya 2005 ilikuwa na ISO 1600 kama kikomo chake cha kawaida, na 3200 kwa kulazimishwa. Kropu ya leo inapita hapo huku inacheka. Paa kubwa lililojaa matobo halikuvunii maji.

Mwanga mwingi unafaa hata mchana. Nenda mbele ya msikiti baada ya nikaha, jua la saa saba: kanzu nyeupe zinawaka, na kwenye kivuli cha baraza wamekaa akina mama na mabuibui yao meusi. Fremu moja ina vyote. Ukiilinda kanzu isiungue, buibui linakuwa shimo jeusi, na ukija kulinyanyua kwenye kompyuta chenga zinatoka humo kama siafu. Kwa ISO ya chini kabisa fulifremu ina nafasi zaidi ya kunyanyua kivuli kikabaki safi. Kropu nzuri nayo inanyanyua, inachoka mapema kidogo.

Ukumbini, taa zikizimwa

Mimi riziki yangu ni kupamba, na humo ndimo nilimojifunza haya kwa gharama yangu mwenyewe. Kwa asiyejua: ni shughuli ya wanawake peke yao, ambapo bibi harusi hutolewa aonekane. Mabuibui yanavuliwa, dhahabu zinatoka, na kwa sababu hiyo simu hukatazwa na mpiga picha lazima awe mwanamke. Ni soko letu, na waume hawatuingilii.

Bibi harusi akikaribia kuingia, mwenye ukumbi huzima taa kubwa na kuwasha za rangi. Hapo sitaki fleshi. Ikiwaka, ile hali yote aliyoilipia mamake inakufa. Basi nafungua tundu hadi f/1.8, shata haiwezi kushuka chini ya 1/160 kwa kuwa anatembea, na ISO inapanda yenyewe hadi 6400 na zaidi. Hapa, na nasema bila kumung'unya, fulifremu inakula mshahara wake. Uso wake unatoka laini, hina inasomeka, na nyuma yake taa zinayeyuka zikawa viduara. Kropu kwa lenzi ile ile ingetoa picha inayouzika, ila pale penye kivuli cha shingo ningekesha nikipasafisha.

Lakini subiri nusu saa. Bibi harusi ameketi, zamu ya picha za ukoo. Bibi mzaa mama na bibi mzaa baba mbele kwenye viti, mashangazi nyuma yao, na nyuma kabisa mabinti wamepanda jukwaa. Safu tatu. Ukipiga kwa f/1.8 bibi mmoja atakuwa mkali, yaani anaonekana wazi, na ukoo mzima umezama kwenye ukungu, na mashangazi wa Mombasa hawasamehi ukungu. Nilishawahi. Nilirudi na picha arubaini ambazo safu ya nyuma haitambuliki, na mama wa bibi harusi akaniuliza kwa upole, ambao ni mbaya kuliko ukali, kama wale wa nyuma hawakulipiwa.

Kwa safu tatu lazima nibane tundu, tuseme f/5.6, ili ukali uenee mbele hadi nyuma. Na hapa ndipo muuzaji wa fulifremu hunyamaza. Kihisi kikubwa, kwa pembe ile ile na tundu lile lile, kinatoa eneo jembamba zaidi la ukali. Mwenye kropu aliyesimama pembeni yangu anapata safu tatu hizo hizo kali akiwa kwenye f/3.7 hivi, kwa kuwa 5.6 ukigawa kwa 1.5 unafika hapo. Mvua yake ni kali kuliko yangu mara mbili na kitu, paa lake ni dogo mara mbili na kitu. Mabirika yanalingana. Mimi nimelazimika kupandisha ISO, yeye hakulazimika, na picha zetu zina chenga sawasawa.

Yaani ubora wa fulifremu gizani unapatikana ukikubali ukali mwembamba, au ukiwa na muda: stendi na kitu kisichosogea. Bibi harusi anayetembea peke yake, sawa. Ukoo wa safu tatu, hakuna faida. Ukiwasha fleshi ukaielekeza kwenye dari nyeupe, tofauti inapungua zaidi, maana sasa mvua unainyesha mwenyewe.

Kisha nikamrudisha binti kwenye matangazo yake. Fulifremu na f/5.6, kropu na f/1.8. Zidisha 1.8 kwa 1.5 upate 2.7: lenzi hiyo kwenye kropu inakusanya mwanga kwa jumla kama f/2.7 kwenye fulifremu. Linganisha 2.7 na 5.6. Ni zaidi ya mara nne. Ile kropu "isiyo ya kweli" ingeingia ukumbini na mwanga mara nne ya fulifremu aliyotaka kuuziwa, kabla hatujataja umri wa kihisi chake. Akaacha kunywa chai.

(Kitu kimoja cha ukumbini kisichojali kihisi: taa. Umeme wetu Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa duni za ukumbi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukitumia shata ya kimya, ile isiyo na pazia, picha hujaa mistari ya kiza. Rudi kwenye shata ya kawaida, na penye uwezekano kaa kwenye 1/50 au 1/100. Nimeona watu wakirudisha kamera dukani kwa kosa la taa.)

Mkoba

Zamani swali la bei lilikuwa rahisi: kropu nafuu, fulifremu ghali. Siku hizi limeparaganyika. Canon RP, fulifremu, ilizinduliwa 2019 kwa dola 1,299. Canon R7, kropu, ilizinduliwa 2022 kwa dola 1,499, kwa sababu ina kasi na vifaa ambavyo RP haina. Mwili wa kamera haukuambii tena chochote. Pesa zinaliwa na lenzi.

Lenzi nazo hazifuati kanuni moja. Sigma wana zumu ya kropu ya 18-50mm f/2.8 yenye uzito wa gramu 290 tu, naipenda kwa siku za kutembea. Lakini zumu ya Fujifilm ya 16-55mm f/2.8, ya kropu, toleo lake la kwanza lina gramu 655, na ile ya Sony ya fulifremu, 24-70mm f/2.8 toleo la pili, ina gramu 695. Gramu 40 ni uzito wa yai moja dogo lisilo na ganda, na ya Sony inakusanya mwanga mara mbili na zaidi. Anayenunua kropu ili apunguze mzigo kisha akajaza begi lenzi za aina hiyo amejichezea shere. Sigma tena, mwaka 2013, walitoa 18-35mm f/1.8 ya kropu. Ukifanya hesabu yetu, inafanya kazi kama 27-52mm f/2.7 kwenye fulifremu, na ina gramu 810. Fizikia haina punguzo la bei: ukitaka mwanga, unabeba kioo.

Angalia pia mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa. Kwa Sony, Nikon, na Canon za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani, lenzi ya kropu inaingia kwenye fulifremu na kamera inajikata yenyewe. Unapoteza pikseli zaidi ya nusu. Kwa Canon za kioo hicho, lenzi za EF-S, ndizo za kropu, hazifungi kabisa kwenye fulifremu. Lenzi za fulifremu zinakaa vizuri kwenye kropu ya mdomo huo huo. Kwa hiyo anayejua kuwa atahama baada ya miaka miwili anunue lenzi ndefu za fulifremu mapema, na lenzi pana za kropu azinunue kwa uchache.

Pikseli zisikusumbue. Albamu ya A3 kwa ubora wa juu wa uchapaji inataka kama pikseli 4,961 kwa 3,508, na kamera ya megapikseli 24, kropu kwa fulifremu, inatoa 6,000 kwa 4,000. Wateja wangu wengi wanataka picha ya WhatsApp kabla ya biriani kupoa.

Ninachokiogopa zaidi hapa kwetu ni chumvi na unyevu. Kuvu huota ndani ya lenzi kama mizizi ya mkoko, na haichagui kihisi. Nafunga lenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kigumu na vifuko vya kunyonya unyevu, na kamera ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi inabaki ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto, isije ikatoka jasho. Lenzi nilizozipoteza kwa kuvu zingenunua fulifremu nzima.

Basi, ningemwambia nani achukue fulifremu? Anayelipwa kupiga gizani bila fleshi, mtu mmoja au wawili kwa fremu, na ambaye bajeti yake inabeba mwili pamoja na walau lenzi moja ya f/1.8. Lenzi hizo za 50mm au 85mm si ghali sana, ndizo zinazoipa fulifremu maana. Anayepiga maduka, vyakula, ukoo, shule, mechi za mchangani, ndege, au anayejifunza, kropu na lenzi nzuri. Na mwenye pesa za mwili mtupu wa fulifremu na lenzi ya hisani, namsihi angoje au ashuke.

Binti hakuniamini kwa maneno, na akafanya vyema. Jumamosi nilimpa kropu yangu ya akiba na lenzi ya 35mm, nikabaki na fulifremu. Tulichapisha picha kumi na mbili, sita zake sita zangu, bila majina nyuma, tukazitandaza juu ya leso mbele ya mamake bibi harusi. Za ukoo alizichanganya zote. Za mezani, zenye visheti na kahawa, alizisifu za binti. Picha moja tu aliishika na kuiweka kando bila kuulizwa, ya bintiye akiingia mlangoni taa zimezimwa. Ilikuwa yangu.

Siku ya pili binti akaenda kununua kropu na ile lenzi. Wiki hii ameshanipigia mara mbili. Anauliza habari za fleshi.